Ni nini hasa kinachowafanya watu wa mnyororo mmoja waelewane? Kisa cha viazi, Mau Narok hadi Kisumu

#1 – Stoo ya Njoro

Hamjambo wanajamvi. Nina stoo ya viazi hapa Njoro. Kwa miezi kumi na minne nilipeleka mzigo Kisumu mara mbili kwa wiki. Nilinunua kwa wakulima tisa wa Mau Narok, nikamtegemea dereva mmoja mwenye kenta, na nikawauzia wenye vibanda saba vya chipsi. Hatukuwa na mkataba wa maandishi. Kila Jumapili jioni wenye vibanda walinipigia simu kunieleza mahitaji yao, nami usiku huohuo nikawapigia wakulima, na kufikia Jumanne alfajiri magunia yalikuwa yakishushwa katika soko la Kibuye.

Mwezi wa nne mwaka huu viazi vilikosekana wiki moja, kama inavyotokea kabla ya mavuno ya masika. Nilikuwa na magunia kumi na mawili badala ya ishirini na manne ya kawaida, kwa hivyo nikampa kila mmoja nusu ya alichoagiza. Wiki iliyofuata wote saba waliagiza karibu maradufu, jumla magunia arobaini na sita. Nilihangaika nikapata arobaini na manne, lakini mzigo ulipofika walichukua ishirini na matano tu. Yaliyobaki yalikaa sokoni katika joto la Kisumu hadi yakaanza kutoa maji. Tangu hapo kila kitu kimelegea: wakulima wananiahidi kisha wanamuuzia dalali aliyefika langoni, dereva anapakia mizigo mingine kwanza, na viazi vinafika vimechubuka.

Hakuna aliyegombana na mwenzake wala aliyeiba. Mimi naamini kilichotuvunja ni kukosa habari kwa wakati. Mume wangu anasema ni pesa. Je, kwenu ni nini hasa kinachowashikilia pamoja mkulima, msafirishaji na muuzaji?

#2 – Utingo wa Zamani

Mumeo amesema kweli. Nimefanya kazi kwenye malori kati ya Molo, Kericho na Kisumu kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kumwona mkulima anayelipwa papo hapo akimkimbia mnunuzi wake. Kulikuwa na hoteli moja mjini Nakuru iliyokuwa ikichukua viazi kwa karatasi nzuri zenye mihuri, lakini malipo yalikuwa yakifika baada ya siku sitini, na mara nyingine tisini. Mkulima yule yule ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo na ana vibarua wanaosubiri ujira jioni. Dalali akisimama kwenye lango akiwa na pesa mfukoni, hata kama bei yake iko chini, yeye ndiye atakayepakia. Watu huita jambo hilo kukosa uaminifu, lakini mimi naliita njaa.

Dada, hebu tuambie: ulikuwa ukiwalipa lini?

#3 – Stoo ya Njoro

Nilikuwa nikilipa nusu kwa M-Pesa wakati wa kupakia, na nusu Jumatano baada ya kukusanya Kisumu. Wiki ile ya hasara nilichelewesha nusu ya pili kwa siku tisa. Sijaficha jambo hilo kwa yeyote.

#4 – Nyar Dunga

Asante kwa mada. Siwezi kukubaliana na Utingo moja kwa moja, kwa sababu upande wetu wa ziwa mvuvi hulipwa pesa taslimu ufuoni kila asubuhi, na bado mambo huharibika. Mama mmoja hapa Dunga hununua samaki aina ya ngege na mbuta kwa wavuvi wanne. Hao wanne hawamwachi, na sababu si bei yake. Aliwakopesha pesa za nyavu na injini. Deni hilo ndilo mkataba wao. Msimu mbaya ukija anawasubiri, na msimu mzuri ukija wanamletea yeye kwanza hata kama wengine wanatoa zaidi. Wako wanaosema huo ni utumwa, na sikatai kwamba mahali pengine umefika huko, lakini nimeona pia kwamba deni la namna hiyo humfanya mnunuzi aumie pale mvuvi anapoumia. Mwenye pesa taslimu hana sababu ya kujali kama kesho utaingia majini.

Jambo la pili ni barafu. Samaki bila barafu hampi mtu nafasi ya kuzungumza bei. Saa nne za asubuhi ukiwa na samaki juani, utakubali chochote unachoambiwa. Nilipoanza kubeba barafu mwenyewe ndipo wanunuzi wa mjini wakaanza kunipigia simu jioni ya kabla, kwa maana walijua kwamba sitawauzia kwa kubabaika.

#5 – Mwalimu wa Ugavi

Stoo ya Njoro, kilichokupata mwezi wa nne kina jina katika taaluma ya ugavi, nacho kimechunguzwa kwa miongo mingi. Ruhusa niandike kwa kirefu.

Huko Marekani, katika chuo cha MIT, Jay Forrester alionyesha mwaka 1961 jinsi mabadiliko madogo ya mahitaji dukani yanavyokua kila yanapopanda ngazi kuelekea kiwandani. Kuna mchezo uliotokana na kazi hiyo, unaochezwa na watu wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na mwenye kiwanda cha bia. Hawaruhusiwi kuzungumza. Kila mmoja huona tu oda ya anayemfuata, na mzigo huchukua wiki kadhaa kufika. Mahitaji ya wanywaji hubadilika mara moja tu, kutoka kreti nne hadi nane kwa wiki, kisha hayabadiliki tena. Hata hivyo, mwenye kiwanda huishia kuona oda zikiruka hadi makumi ya kreti kisha zikianguka hadi sufuri, na karibu kila kundi humlaumu mlevi asiyekuwepo.

Wataalamu wanaita hali hiyo athari ya mjeledi. Mchungaji akitikisa mkono kidogo tu kwenye mpini, ncha ya mjeledi huruka mbali. Mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wawili walitaja sababu nne, na mojawapo ndiyo yako hasa: ukigawa kidogo kilichopo kulingana na oda, mnunuzi hujifunza kuagiza zaidi ya mahitaji yake ili nusu atakayopewa imtoshe. Wateja wako hawakukudanganya kwa ubaya. Kanuni yako ya kugawa ndiyo iliyowafundisha. Ungegawa kulingana na walichonunua katika miezi mitatu iliyopita, na si kulingana na walichoagiza, hakuna ambaye angepata faida kwa kuongeza namba.

Kwa hiyo jibu langu ni habari, lakini habari ya aina moja: mauzo halisi ya kibanda, si oda. Waombe wakuambie kila jioni wamekaanga debe ngapi.

#6 – Karani wa Bandari

Mwalimu, shukrani, ila niongeze kidogo ili historia isipotee. Jina la mjeledi halikutoka kwa Forrester. Lilitoka kwa watu wa Procter & Gamble, kampuni inayotengeneza nepi, walioona kwamba watoto wanachafua nepi kwa kiwango kilekile wiki hadi wiki, ilhali oda za nepi kwa kampuni zilikuwa zikipanda na kushuka kama mawimbi.

#7 – Mwalimu wa Ugavi

Umesahihisha vyema, Karani. Forrester alieleza jambo, na jina likaja baadaye kutoka kwa wenye nepi.

#8 – Mkulima wa Mau

Nimesoma yote kwa makini kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wanaolaumiwa hapa, ingawa sijui kama ni miongoni mwa wale tisa. Naomba mnisikilize kuhusu jambo ambalo halijatajwa na yeyote, nalo ni majani.

Kiazi hakitolewi udongoni kama vile soda inavyotolewa kwenye friji. Ukitaka kiazi kitakachosafiri hadi Kisumu bila kuchubuka, lazima mkulima akate majani ya juu siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuchimba. Katika siku hizo ngozi hukomaa chini ya ardhi. Ukitaka kujua kama imekomaa, kwaruza kwa kidole gumba: ikitoka kama karatasi iliyolowa maji, bado, ikikataa, chimba. Kiazi kilichochimbwa majani yakiwa bado ya kijani kitachubuka ndani ya gunia, kitageuka cheusi, na kikishapata joto la Ahero kitaanza kuoza hata kabla ya kufika sokoni.

Sasa fikirini. Mnunuzi ananipigia simu Jumapili usiku anataka mzigo Jumatatu. Mimi nina shamba ambalo majani yake nimeyakata na shamba ambalo sijayakata. La kwanza likiisha, nitachimba la pili, kwa maana nikikataa nitapoteza mteja. Viazi vinafika vimechubuka, mwenye kibanda analalamika, mwenye stoo anapunguza bei, na wote tunasema mkulima si mwaminifu. Mngenipa tarehe wiki mbili kabla, hata bila bei, ningekata majani siku inayofaa na kusingekuwa na lolote la kulalamikia.

Nikikata majani nimejifunga. Kiazi hakikui tena. Na aina ya Shangi, ambayo ndiyo tunayopanda wengi kwa sababu huiva mapema na vibanda vinaipenda, haikai: baada ya muda mfupi macho yanaanza kuchipua. Mwenye stoo asipokuja, hasara ni yangu peke yangu. Ndiyo maana ninaposema naahidi, mguu wangu mmoja huwa bado uko kwa dalali.

#9 – Stoo ya Njoro

Mzee, nimesoma maneno yako mara mbili. Miezi kumi na minne yote, hakuna mkulima aliyeniambia habari ya majani, nami sikuuliza. Nilidhani viazi vinachubuliwa na dereva anapovirusha.

#10 – Utingo wa Zamani

Wengine wetu tulirusha pia, tusimwondolee utingo sehemu yake.

#11 – Pima Kilo

Nadhani mnapita juu ya jambo la msingi. Watu hawawezi kuelewana ikiwa hawapimi kwa kipimo kimoja. Mkulima anauza kwa gunia, stoo inapokea kwa gunia, kibanda kinanunua kwa ndoo, na gunia lenyewe limeshonewa kofia ya nyavu juu hadi linabeba kilo mia na ishirini na zaidi. Sheria ya mwaka 2013 ilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini ni nani anayeifuata? Mahali palipo na lumbesa, yaani gunia la kofia namna hiyo, kila mtu anajua kwamba ameibiwa, asichojua ni kiasi gani.

#12 – Karani wa Bandari

Sahihisho dogo tena. Sheria ya Mazao ndiyo ya 2013. Kiwango cha kilo 50 kwa viazi kimo katika kanuni zilizotolewa chini ya sheria hiyo mwaka 2019. Kwa hoja yenyewe, naunga mkono. Mzani mmoja unaosomwa na wote huondoa ubishi ambao simu kumi haziwezi kuuondoa.

#13 – Mkulima wa Mau

Tulipoanza kupima kwa kilo hapa kwetu, wanunuzi wawili walihama kabisa na kwenda kijiji cha pili ambako kofia bado zinashonwa. Kipimo kimoja kinafaa kama kimewekwa kila mahali. Kijiji kimoja kikikiweka peke yake, hubaki na viazi vyake.

#14 – Kijana wa Milimani

Kwa nini msijenge stoo ya baridi? Mkiweza kuvihifadhi miezi mitatu, hakuna atakayekimbilia kwa dalali, na haya mambo ya tarehe za majani yatakuwa yamekwisha.

#15 – Mpishi wa Kondele

Ndugu, hapo nakujibu mimi kwa sababu ndimi ninayesimama mbele ya mafuta. Kiazi kikikaa katika baridi kali, chini ya nyuzi nane hivi, wanga wake hugeuka sukari. Ukikikaanga, chipsi inakuwa ya kahawia nje na mbichi ndani, na mteja anakurudishia sahani akisema umetumia mafuta machafu. Nilinunua magunia matatu ya namna hiyo mwaka juzi na niliyauza kwa kuchemsha. Stoo inayofaa kiazi cha kukaanga inahitaji ubaridi wa kiasi, giza na hewa, pamoja na mtu anayeelewa anachofanya. Haitatuunganisha sisi tusiozungumza. Itaficha tu kutozungumza kwetu kwa muda.

Na kwa vile niko hapa, niseme jambo kuhusu ile oda maradufu. Mimi si mmoja wa wale saba, lakini ningefanya vilevile. Nikikosa viazi siku moja, wateja wangu wanavuka barabara, na wengine hawarudi. Kuoza kwa gunia moja kunaniuma kidogo kuliko kufunga kibanda saa saba mchana. Mwalimu anataka nimwambie mwenye stoo mauzo yangu ya kila jioni. Nitamwambia, lakini kesho akijua ninauza sana, je, hatanipandishia bei?

#16 – Mwalimu wa Ugavi

Swali lako ni zito, na sitalijibu kwa haraka. Watu wengi huficha mauzo yao kwa sababu hiyohiyo.

#17 – Shamba la Miwa, Kakamega

Wapo hapa wanaofikiri kwamba mkataba wa maandishi ungewaokoa. Sisi wa miwa tulikuwa na mikataba ya kurasa nyingi. Kiwanda kilikupa mbegu, mbolea na trekta, kisha kikakata gharama hizo kwenye malipo yako. Muwa wa kwanza huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukomaa. Malipo yalipoanza kuchelewa kwa miezi, kiwanda kingine kilileta matrekta usiku na kukata miwa iliyolimwa kwa gharama ya mwenzake, na mkulima akapokea pesa zake asubuhi. Baadaye viwanda vyenyewe vikaanza kugombania hata miwa michanga, kwa sababu kila kimoja kilijua kwamba kikisubiri, jirani atakata. Mwaka 2023 serikali ililazimika kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ipate kukomaa.

Kwa hiyo Utingo ana haki kuhusu malipo, na Nyar Dunga ana haki kuhusu deni, lakini angalieni kwamba kwetu deni lilikuwepo na halikumzuia mtu. Tofauti ninayoiona ni kwamba mama wa Dunga anawajua wavuvi wake wanne kwa sura. Sisi tulikuwa namba kwenye karatasi.

#18 – Nyar Dunga

Ni kweli. Pia, mtoto wa mmoja wa wavuvi alipofariki, mama huyo alikuja kulala matangani.

#19 – Mweka Hazina wa Maziwa, Molo

Poleni na kazi. Nitaeleza kinachofanyika kwenye kikundi chetu cha maziwa kwa sababu kimeendelea kwa muda mrefu bila kuvunjika, ingawa hatupendani sana.

Kila asubuhi maziwa hufika kwenye bodaboda ndani ya mikebe ya alumini. Kabla ya tone kuingia kwenye tangi la kupozea, karani huchovya laktomita kuona kama kuna maji, kisha huchanganya maziwa kidogo na alkoholi katika kichupa. Yakiganda, mkebe unarudi nyumbani. Mwenye maziwa anasimama palepale akitazama. Hakuna anayempigia simu baadaye kumwambia kwamba yalikuwa mabaya. Hasara ina mwenyewe na ina saa yake: kabla ya kipimo ni yako, baada ya kipimo ni ya kikundi chote. Tangi likizima usiku kwa sababu ya stima, hatumtafuti mkulima wa kulaumu, tunagawana.

Nikisoma kisa cha Stoo ya Njoro, magunia kumi na tisa yaliyooza Kibuye hayakuwa na mwenyewe. Wenye vibanda walisema hawakuyachukua, wakulima walisema walishauza, na dereva alisema alishafikisha. Aliyebaki nayo ni dada peke yake, ndipo akachelewesha malipo, na hapo ndipo wakulima wakaanza kuangalia langoni. Habari na pesa mnazobishania zilikuja baadaye. Kwanza kulikuwa na hasara ambayo hamkuwahi kukubaliana ni ya nani.

#20 – Utingo wa Zamani

Mweka Hazina, umenifanya nifikirie upya, lakini sijahama. Kama angekuwa na pesa za kulipa siku ileile licha ya hasara, wakulima wasingejua kwamba kuna kilichooza.

#21 – Kijana wa Milimani

Nikitoka nje kidogo ya mada: mnakumbuka Januari 2022 KFC walipokosa chipsi nchini kwa sababu viazi vyao vilivyotoka nje vilichelewa melini? Watu walikasirika sana, hasa sisi wa Nakuru tunaoona viazi vikimwagwa kando ya barabara ya Molo.

#22 – Mpishi wa Kondele

Nakumbuka, na siku zile niliuza kuliko kawaida. Chipsi za Kisumu hazijawahi kusubiri meli, wala haziwezi kulinganishwa na zile zenu za Nakuru zinazolowa kabla ya kufungwa kwenye karatasi.

#23 – Pima Kilo

Tusiende mbali. Kisa hicho kinahusu mada hii. Kampuni ilieleza kwamba kila mwenye kuwauzia lazima awe amepitia ukaguzi wao wa ubora, na wakulima wetu walikuwa hawajaupitia. Viazi vilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, barabara ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo ambacho pande zote mbili zilikuwa zimekikubali kabla ya siku ya shida.

#24 – Stoo ya Njoro

Nawashukuru wote. Nimekuwa nikiandika kando majibu yenu, na siwezi kusema kwamba moja limeyashinda mengine. Nikimsikiliza Mwalimu naona kosa langu la kugawa nusu kwa nusu. Nikimsikiliza Mweka Hazina naona zile gunia kumi na tisa. Utingo naye hajakosea, kwa sababu zile siku tisa za kuchelewa ndizo wakulima wanazozikumbuka hadi leo.

Mkulima wa Mau, nina swali kwako. Nikikupa tarehe wiki mbili kabla, kisha siku yenyewe wenye vibanda wakachukua pungufu, ungetaka nikulipe nini kwa majani uliyokwisha kuyakata?

#25 – Mkulima wa Mau

Sitataka bei kamili. Nitataka ujira wa vibarua wa kukata na kuchimba, ulipwe siku hiyohiyo, na viazi vinavyobaki niviuze mwenyewe kwa nimtakaye bila wewe kununa. Nami nikikupa ahadi na nikamuuzia dalali, nikulipe nauli ya kenta iliyokuja bure.

#26 – Dereva wa Kenta

Hiyo nauli hamjaniuliza mimi ni kiasi gani. Kutoka Mau Narok mvua ikinyesha, kuteremka hadi Njoro tu ni saa tatu, na hata kenta tupu hunywa mafuta.

#27 – Stoo ya Njoro

Kaka, umefanya vizuri kujitokeza. Taja kiasi hapa mbele ya wote, kisha nitawapigia wenye vibanda Jumapili kuuliza nani atachukua sehemu gani ya hiyo nauli. Mkulima wa Mau, hesabu ya siku kumi na nne kutoka leo inaangukia Alhamisi. Je, shamba lako la juu liko tayari kukatwa?

#28 – Mkulima wa Mau

La juu bado lina maua. La chini, karibu na mto, liko tayari. Nitakata kesho asubuhi umande ukikauka, gunia kumi na nane za kilo 50, na nitakutumia picha ya mashina.